Kidole cha Metro

Asubuhi yao ya mwisho pamoja, ingawa hawakujua, ilikuwa kama zote. Nettie, bibi wa miaka sabini na sita, aliruka uzio kwenda kuokota mayai, na lango liko wazi.

"Utavunja nyonga, we bibi!" Metro alimkemea mkewe.

"Pita langoni wewe, kobe!"

Metro akaona leo atoe la moyoni. Siku Nettie alipokuwa bingwa wa kuruka juu wa jimbo zima la Saskatchewan, Kanada, ufito aliouruka ulitikisika nyuma yake, karibu uanguke. Metro, kijana msimamizi, akautuliza kwa kidole. Miaka hamsini alinyamaza, akihofia mkewe ataitupa medali.

Waliporudi jikoni, akaungama yote. Nettie akapasua yai kikaangoni.

"Nilikuona, mzee. Kwani ulidhani nilikubali kuolewa nawe kwa ajili ya sura?"