Karatasi ya Mwaka Uliokwisha

Maman Adélaïde ameuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Nyawera miaka arobaini bila kujua kusoma. Alikuja kwenye darasa langu la wazee akiwa na miaka sabini na mmoja, akachukua kiti cha mbele, na ole wake aliyemtangulia kukikalia. Mimi sina subira, parokia nzima inajua. Yeye alinizidi ukali.

Binti yake Martine hakupendezwa hata kidogo.

"Kichwa ya mama inachoka, mwalimu," aliniambia. "Anasahau chungu ku moto. Juzi nyumba ilitaka kuungua."

Tukapatana hivi: Dominika ya kwanza ya Majilio, mama atasoma somo la kwanza kanisani. Akishindwa mbele ya watu, darasa limekwisha, atabaki nyumbani.

Nilimpa nakala ya somo wiki tatu kabla. Alilisoma mpaka likamkaa kichwani lote, akawa analitamka huku anapanga sambaza mezani. Nilijua anakariri, nikanyamaza. Nilijiambia, heri hivyo kuliko aaibike.

Dominika hiyo, alipokuwa anapanda kwenda mimbarini, nikafungua kitabu changu cha misa. Majilio ndiyo huanza mwaka mpya wa masomo ya misa, na mimi, mwalimu mzima, nilikuwa nimenakili somo la mwaka uliokwisha. Nabii alikuwa mwingine, maneno mengine kabisa.

Nikainuka nusu. Maman alitazama kitabu, akanitazama mimi, akaninyooshea kiganja: kaa. Nikakaa.

Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma polepole, kama mtu anayeshuka kilima cha Kadutu baada ya mvua. Katika mstari wa pili akakwama. Mtu akakohoa. Martine akainamisha kichwa, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Kisha kipaza sauti kikaleta sauti yake akilivunja neno silabi kwa silabi, kama darasani, bila haya. Akaliunga, akalirudia zima, akaendelea hadi mwisho.

Kanisa likaitika, "Tumshukuru Mungu." Martine hakuweza kuitika, alikuwa analia.

Maman akashuka, akasimama penye benchi langu, akainama sikioni.

"Mwalimu," alisema, "siku ingine usome kwanza ile karatasi mbele ya kunipa."