Chanzo cha Chai ya Chumvi

Wakati wa korona, Fifi wa Kasulo alipita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya utafiti wake wa chuo: nani alieneza habari kwamba chai ya chumvi inaponya? Bila chanzo, profesa asingeipokea kazi yake. Kila mlango ulimjibu, "Mama yako alitutumia kwa simu."

Akarudi nyumbani akiwaka. "Mama, ulihakikisha kwa nani?"

"Kwa weye, mwanangu! Habari ikifika, naangaliaka uso yako ukisoma telefoni. Ukicheka, ni uongo. Siku ile ya chai ulitoa machozi. Nikasema, hii ni kweli kabisa!"

Fifi akakumbuka. Siku ile mpenzi wake, Henri wa Dilolo, alikuwa amemwacha kwa ujumbe wa maneno manne.

Kwenye nafasi ya chanzo akaandika, kwa mwandiko mzuri: Henri.