Maji Chini ya Voiture ya Masika

Mimi sikusoma sana, mais radiateur ya maji ya moteur naijua: marehemu bwana yangu alikuwa chauffeur. Mujukulu wangu Masika alikuwa ananipeleka Beni na voiture yake, nione uso ya dada yangu aliyekufa mbele bafunge sanduku. Climatiseur inapuliza baridi, niko kama malkia. Tukasimama Kalunguta kununua maua, nikaona maji inatona chini ya moteur.

"Radiateur imetoboka! Zima!"

"Koko, moteur haina joto," Masika akasema.

"Utanifundisha mimi?"

Nikamupigia mudogo wangu Kambale simu kule Beni, nikamuambia radiateur imetoboka, batungojee. Tukaita mécanicien, fundi ya magari; alifika kisha ya masaa mbili. Akagusa maji.

"Mama, hii ni maji ya climatiseur. Inatonaka tu. Voiture iko nzima."

Batu bakacheka. Simu ikalia, Kambale: "Yaya, mukubwa wangu, tumeisha kumuzika. Radiateur iko namna gani?"