Pikapu Iliyoamshwa Mapema

Nilikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa nguo pale Nakuru, mtu wa pwani, aliyetaka kuuza pikapu yake kuukuu. Mkaguzi wa serikali alipima breki, taa na magurudumu, akatoa cheti. Hakupima inavyowaka ikiwa baridi, na hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Kwa hiyo siku ya mnunuzi kuja, tajiri aliniamuru niipashe moto mapema.

Mnunuzi alikuwa mzee mkulima wa Olenguruone. Alikuwa ameuza maksai wake wote wa kulimia ili asafirishe viazi vyake mwenyewe. Cheti hakukitazama. Aliweka kiganja juu ya boneti.

"Kijana, huyu mmemwamsha saa ngapi?"

Nikacheka. "Mzee, hii ni gari, si ng'ombe."

"Ng'ombe mgonjwa akishasimama utadhani mzima. Mimi hununua nimemwona akiinuka."

Akaketi juu ya gunia, akangoja hadi alasiri. Injini ilipopoa nilizungusha hendeli ya kuiwashia mpaka mabega yakauma. Pikapu ikakohoa tu. Tajiri alininyang'anya hendeli akajaribu mwenyewe, kanzu ikalowa jasho. Mwishowe akaiweka chini.

"Nilikuficha, mzee. Nisamehe. Hii ingekulaza njiani na viazi vyako."

"Basi mtibu. Nitarudi nimwone akiamka."

Alirudi baada ya majuma mawili, jua halijachomoza, blanketi begani. Nilipozungusha hendeli mara ya pili, pikapu ikanguruma. Akalipa, akaniomba nimpeleke kwake, maana kuendesha hakujua. Nilikaa huko mpaka mavuno, nikimfundisha.