Mchicha wa Bi Shekha

Kila alfajiri, akishaswali, Bi Shekha alikuwa akifagia. Alianza kibarazani, akateremka uani, akaendelea mpaka kwenye matuta ya mchicha nyuma ya nyumba, lisibaki hata jani. Pale Muyeye watu walisema kwenye uwanja wake mtu angepakuliwa pilau bila sinia.

Mwaka huo mgongo ulimkatalia kung'oa magugu. Akanunua dawa ya magugu, akanyunyiza, kumbe ni ya mashamba ya mahindi, hubaki udongoni na kuua mimea mingine. Magugu yalikufa. Mchicha alioupanda baadaye ulichipua umepauka, nao ukafa.

Bintiye Sumeiya alishamwita akakae naye Kikambala, lakini mama akagoma. Matuta yale alikuwa amwachie wifi yake Sahla, mjane asiye na pato jingine.

"Siwezi kumwachia mtu kaburi nikamwambia alime," alisema.

Akaitwa Purity, bibi shamba. Akaamkia, akachota udongo, akauponda kiganjani.

"Mama, sumu hii ina walaji wake. Ni bakteria, wadogo hata macho hayawaoni. Wanaivunjavunja na kuila mpaka isiwe sumu tena. Ila hawa wa kwako wana njaa na kiu. Nani anafagia hapa?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi kila siku unawanyang'anya sahani."

Bi Shekha alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Tangu siku hiyo matuta hayakuguswa na ufagio. Akatandaza majani yaliyooza na samadi ya mbuzi, jioni akinyunyiza maji.

"Wifi, siku hizi unafuga jalala?" Sahla alimtania.

"Nafuga wapishi wako. Nyamaza."

Kila baada ya wiki mbili alipanda mbegu kwenye mikebe miwili, mmoja wa udongo wake, mwingine wa udongo safi wa jirani. Mara ya kwanza mchicha wa udongo wake ulipauka. Mara ya tatu ulipauka kidogo. Mwezi wa nne tangu aanze, mikebe yote miwili ilitoa mchicha wa kijani, hata Sahla alipoulizwa upi ni upi akakosea.

Ndipo akapanda matuta yote. Wiki ya nne Sahla alifunga mafungu ya kwanza, akapeleka sokoni, hakurudi na hata moja.

Kesho yake Bi Shekha alifunga nguo zake ndani ya kanga.

"Utarudi lini, wifi?"

"Nirudie nini? Mchicha umeshakujua."

Akamkumbatia, akatoka kwa mwendo wake wa polepole, akapanda gari la Kikambala. Mpaka leo yuko huko kwa wajukuu, na Muyeye hajarudi.