Kesi yangu ya punda iliisha kwa Fatiha, lakini benki haikuiona imeisha

Wakuu, amani iwe kwenu.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Ningekuwa natunga, wallahi ningejichagulia kosa lenye heshima kidogo.

Nawaandikia hasa nyinyi mlio kwenye mabenki na masacco, maana kuna jambo nataka kulielewa na kila ninayemuuliza ananijibu lake.

Mimi ni msichana wa Matondoni, hapa Lamu. Nimesomea uhasibu. Mwaka jana benki moja ya mjini ilinifanyia interview ya cashier, nikapita. Offer letter ikaja na sharti moja: nilete good conduct, ile hati ya polisi ya kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, ndani ya mwezi mmoja.

Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani kaposwa.

Nikaenda kutoa alama za vidole bila wasiwasi wowote. Majibu yakaja kwamba nina rekodi. Wizi wa mifugo, kesi haijafungwa.

Nilicheka. Halafu nikakumbuka, kicheko kikaisha.

Ngoja niwarudishe nyuma. Nilipokuwa na miaka ishirini, punda wa jirani yetu Bwana Omari aliingia uani kwetu akatafuna miyaa ya mama, yale majani makavu tunayosukia mikeka. Ilikuwa ya mkeka wa harusi ya watu, tena imeshatiwa rangi. Na haikuwa mara ya kwanza, ilikuwa ya tatu.

Nikafunga mlango wa uani, nikampa punda maji, nikasema huyu hatoki mpaka mwenyewe aje azungumze na mama. (Nichekeni tu, hasira zangu nazijua.)

Bwana Omari hakuja. Alikwenda kituoni mjini akasema ameibiwa punda.

Alasiri askari wakafika. Mimi nimekaa mlangoni, punda yuko ndani. Mnadhani walitaka ushahidi gani tena?

Nikaandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, vidole vikapakwa wino. Asubuhi yake wazee wetu wakaja wakazungumza na mkubwa wa kituo, nikaachiliwa. Sikupelekwa kortini hata siku moja.

Tuliporudi nyumbani tukakaa kitako na Bwana Omari, ikasomwa Fatiha, tukala halua na kahawa. Akasema amenisamehe, yamekwisha. Na kweli yalikwisha. Mkewe akawa anakuja kwetu kama kwao, na mimi kwao vilevile.

Sasa hapa ndipo kosa letu lilipo. Kwetu jambo likishasomewa Fatiha, kulitaja tena ni kukosa adabu. Hakuna aliyefikiria kurudi kituoni kuuliza lile faili limefikia wapi. Faili lenyewe likakaa miaka saba, linaningoja.

Nilikwenda kituoni. Nikamkuta afande mmoja mtu wa bara, mpole, na maswali yangu yote aliyajibu. Akanieleza kwamba kukamatwa si kuhukumiwa, lakini vidole vyangu vilitumwa na majibu ya kesi hayakufuata, kwa hivyo kwenye mtambo mimi bado ni mshukiwa. Ile suluhu yetu, akasema, pale kituoni haikufika.

Wazee wakaandika barua, ikapigwa muhuri, Bwana Omari akatia sahihi kwamba amenisamehe. Niliibeba barua ile hadi benki nikijua nimemaliza kazi.

Madam wa HR akaisoma mara mbili.

“Hii inasema umesamehewa wizi,” akaniambia. “Mimi natafuta mtu wa kushika pesa za watu. Uliiba au hukuiba?”

Wakuu, swali lile nilikuwa sijawahi kuulizwa na mtu. Si askari, si wazee, wala mama yangu mzazi. Suluhu zetu zimewekwa hivyo, kila mtu arudi nyumbani na uso wake. Hakuna anayeulizwa ukweli ulikuwa upi.

Nilimjibu sikuiba. Akasema anasikia, lakini neno langu peke yake halitoshi. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nikaenda kwa Bwana Omari. Nikamwambia msamaha ninao tayari, ninachotaka ni aseme kama kweli aliibiwa. Akasema Fatiha ilishasomwa, ya nini kuyafukua?

Nilijua anachoogopa. Akisema hakuibiwa, basi yeye ndiye aliyewadanganya polisi, na hilo nalo ni kosa la kufungiwa mtu. Mzee wa safu ya kwanza msikitini. Lakini siku ile huruma sikuwa nayo.

“Ami,” nikamwambia, “miaka saba mimi nimebeba jina la mwizi ili wewe usione haya.”

Nikatoka. Ndiani nilikuwa nalia, na sikujua kama nalilia kazi au namlilia yeye kwa maneno niliyomtupia.

Siku ya tatu akaja kwetu, amevaa kanzu ya Ijumaa na siku yenyewe ni Jumanne. Akamwambia mama anataka nimsindikize mjini.

Yule afande akamuuliza kama amekuja kuondoa kesi kwa sababu ya msamaha.

“Sikuja kusamehe,” akasema. “Mwana huyu hakuiba. Nalijua tangu asubuhi punda yuko kwao, nikaona haya kwenda kuonana na mamake. Andika hivyo.”

Afande akaweka kalamu chini, akamweleza kwamba maneno hayo yanaweza kumtia matatani. Akajibu anajua, aandike. Akatia sahihi. Namshukuru Mungu afande alimpa onyo tu, na faili likafungwa.

Good conduct safi ilikuja wiki tatu baada ya muda kupita. Benki ilikuwa imeshaajiri mwingine. Madam alinipigia mwenyewe kunipa pole. Niliumia, sitawaficha.

Bwana Omari aliposikia alikuja kuniomba msamaha. Wazee wakataka tusome Fatiha tumalize. Mimi nikasema tutasoma, lakini jambo litajwe kwanza. Nikamwambia mbele yao: nimekusamehe, ami, kwa kusema nimeiba na unajua sikuiba. Akaitikia. Ndipo tukasoma.

Nilichojifunza: mkisuluhishana nyumbani, rudini kituoni mhakikishe faili limefungwa. Na kabla hujakubali kusamehewa, uliza unasamehewa nini.

Sasa swali langu, kwa wale mnaoajiri. Kuna sacco nimeomba kazi juzi. Fomu yao haiulizi kama umehukumiwa, inauliza kama umewahi kukamatwa. Rafiki yangu aliniambia niandike hapana, rekodi si imeshasafishwa.

Nimeandika ndiyo, na chini yake nikaeleza yote, nusu ukurasa.

Ingekuwa fomu hiyo iko mezani kwenu, mngeniita? Nijibuni ukweli, hata kama ni hapana.