Tiketi ya Fainali

Siku Wabwire alipomwona kwa mara ya kwanza mama wa tiketi, mwuza mitumba aliyesifika kwa kukagua tiketi za zamani, mama huyo alikuwa akinusa karatasi. Alikuwa ameketi juu ya mtumba wa makoti katika soko la Gikomba, ameishika tiketi kuukuu ya mpira kwa ncha za vidole, akiipitisha chini ya pua kama mtu anayeonja mchuzi. Kabla ya kila tiketi hufuta mikono kwenye leso, hata ikiwa safi. Kisha huitangazia daraja kwa sauti, kama anavyopanga nguo zake: "Kamera!" kwa iliyo bora, "Fagia!" kwa iliyochakaa, nao wachuuzi jirani huangua kicheko.

Mara tatu Wabwire alifika na tiketi ya marehemu baba yake mfukoni, akaona haya, akarudi nyumbani Shauri Moyo. Ndugu zake walishikilia kwamba mzee hakuiona ile fainali aliyowasimulia miaka yote. Yeye tu ndiye aliyemtetea. Mara ya nne akaitoa.

"Mbona umeishika hivyo, baba? Umeniletea hati ya shamba?"

"Ni ya mzee wangu. Alikuwa uwanjani siku hiyo. Nyumbani hawaamini."

Mama akafuta mikono, akanusa, akapitisha kidole gumba ukingoni, pale ambapo bawabu huchana kipande mtu akiingia. Kidole kikarudi, kikapita tena. Wabwire akangoja ukelele. Badala yake mama alimwinamia, akanong'ona:

"Ni kamera, mwanangu. Haijachanwa popote. Wakikuuliza nyumbani, waambie tu mama wa tiketi amesema ni halisi."